KIKAO CHA MA-DJ WA HURUMA KUHUSU SAUTI YA MANU

Kumbukumbu hizi zimeandikwa na Kigen, Katibu wa Umoja wa Ma-DJ wa Huruma, Eldoret, ambaye kuanzia mjini mpaka msitu wa Kaptagat, mahali wakimbiaji hupanda mlima wakiongea, hajazaliwa wa kumfikia. Ndiye alicheza harusi tatu siku moja na mabibi harusi wote watatu wakalia kwa raha. Ndiye alimfanya padri mmoja atikise bega mbele ya mama yake mzazi. Shule aliacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na mambo ya kumfundisha. Na tangu ashike laptopu, mikononi mwake hakujapotea wimbo hata mmoja. Mwenyekiti alisema kumbukumbu hazianzi hivi. Lakini kalamu iko na Katibu.

Tarehe: Jumatano, 30 Desemba 2009
Mahali: Chumba cha nyuma, hoteli ya Mama Jemutai, Huruma
Saa: Kikao kiliitishwa saa nane mchana, kikaanza saa nane na dakika arobaini kwa sababu ya Ouma

Waliohudhuria:
1. Stephen Kipyego, Mwenyekiti (alianza kazi hii na kaseti)
2. Kigen, Katibu (ameshaelezwa hapo juu)
3. Mercy Jepchumba, mwanachama, harusi na kanisa
4. Ouma, mwanachama, matanga
5. Simeon, mwanachama, zamani wa Yamumbi, pembeni mwa mji, sasa Nakuru. Ni kikao chake cha kwanza tangu Desemba 2007

Mgeni: Mama Maximilla, mama yake Manu

Hakuwepo: Emmanuel Wabuge, yaani DJ Manu. Alifariki 1 Januari 2008. Jina lake halijatolewa kwenye orodha.

KUMB. NA. 1/12/2009: KUFUNGUA NA KUITA MAJINA

Mwenyekiti alimwomba Jepchumba afungue kwa maombi. Aliomba mpaka chai ikapoa.

Katibu aliita majina. Kwa vile mgeni haijui desturi ya hapa, Katibu anaiandika. Tangu tumzike Manu, jina lake huitwa pamoja na ya wengine, na Mwenyekiti humjibia, "Yuko kazini." Kisha tunaendelea. Hakuna aliyeipitisha. Ilianza tu kile kikao cha kwanza baada ya vita vya uchaguzi, wakati Katibu aliita jina kwa mazoea na kila mtu akaangalia kikombe chake.

Leo jina lilipoitwa, Mwenyekiti alimtazama Mama Maximilla badala ya kujibu. Mama aliuliza ni nani anangojwa ajibu. Ouma akamweleza ile desturi, polepole, kama mtu anayeomba msamaha. Mama akasema, "Basi jibuni vile mnajibu siku zote."

Mwenyekiti akajibu, "Yuko kazini." Sauti yake haikufika mwisho wa meza.

Mama aliomba aseme kilichomleta kabla hajasahau maneno aliyopanga njiani. Alieleza kwamba Jumamosi hii, tarehe mbili, ukoo utafunga kaburi la Manu kwa simiti nyumbani kwao upande wa Bungoma. Wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia sauti ya kijana isisikike kwenye boma mpaka siku hiyo. Miaka miwili amengoja na hakusumbua mtu. Sasa amekuja kuchukua ile rekodi Katibu alimwambia siku ya mazishi: Manu akiongea, saa moja na dakika kumi na mbili.

Mwenyekiti alimhakikishia kwamba jambo lake liko kwenye ajenda. Katibu alishauri liwekwe la mwisho, kwa kuwa ni zito na linataka nafasi. Ilikubaliwa. Mama aliongezewa chai.

KUMB. NA. 2/12/2009: VIFAA

Mwenyekiti alieleza kwamba zile siku za kufunga masanduku mawili ya CD nyuma ya pikipiki zimeisha. Kila mwanachama sasa ana laptopu, au anasema anayo. Alimwomba Katibu awafundishe wenzake kwa kuwa ndiye alitangulia. Katibu hakukataa.

Katibu alifundisha kwamba laptopu ya kazi ni ya kazi. Haiwekwi filamu. Binamu hapewi aandikie barua ya kuomba ajira. Na haiingizwi fleshi ya mtu aliyekuja mbio katikati ya harusi akisema, "Cheza hii, ni ya shangazi." Fleshi ya shangazi ndiyo ilileta virusi vilivyomzima Ouma mwezi wa nane mbele ya watu mia tatu. Ouma alisema walikuwa mia moja na nusu yao watoto. Katibu alisema hata watoto waliondoka.

Kuhusu stima, alieleza kwamba stima ya mtaa huu hupanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi, kwa hivyo mtu anunue kwanza chombo cha kuisawazisha, ndipo aote ndoto za spika kubwa. Jenereta iwashwe, iachwe itulie, ndipo amplifaya iwashwe. Wakati wa kufunga, amplifaya izimwe kwanza. Anayefanya kinyume atasikia spika zikipiga kishindo, na hicho kishindo ni spika zikiaga.

Jepchumba aliongeza kwamba kila mtu abebe kebo ya ziada ya kila aina, na zile zinazopita chini zibandikwe kwa tepu. Alisema aliwahi kuona mjomba wa bibi harusi akiangusha mtambo mzima kwa kiatu kimoja, kisha akauliza kwa nini muziki umekatika.

Ouma aliuliza kama ni lazima kununua kontrola, kile kimeza chenye sahani mbili za kuzungusha, ama kipanya kinatosha. Katibu alijibu kwamba kipanya kinatosha kwa mtu asiye na mikono. Mwenyekiti alimwagiza Katibu ajibu vizuri. Katibu akajibu vizuri: mtu aanze na hedifoni nzuri, kwa sababu asiyesikia wimbo wa pili kabla ya kuuingiza hataokolewa na taa za kontrola.

Mwisho Katibu alisisitiza jambo la nakala. "Kitu kikiwa mahali pamoja tu, hesabu hakipo," alisema, na Jepchumba akaandika kwenye kiganja. Nyimbo zikae kwenye laptopu na kwenye diski ya nje, na diski isilale nyumba moja na laptopu. Alitoa mfano wa Simeon, ambaye laptopu yake na diski yake zilikuwa rafu moja Yamumbi siku nyumba ilipochomwa. Simeon alikubali kwa kichwa. Mwenyekiti alimwambia Katibu kwamba mfano mwingine ungetosha.

AZIMIO: Kila mwanachama awe na nakala mbili za kila kitu, na akiulizwa na kikao aonyeshe papo hapo. Lilipendekezwa na Katibu. Liliungwa mkono na Ouma, kwa haraka ambayo Katibu hakuipenda.

KUMB. NA. 3/12/2009: DROPU

Kwa ajili ya mgeni, Katibu alieleza kwamba dropu ni ile sauti fupi inayotaja jina la DJ katikati ya wimbo ili watu wajue ni nani wa kusifiwa. Dropu za umoja huu zote, za wanachama wote watano, zina sauti moja, nayo ni ya Manu. Alikuwa na mwili wa kilo hamsini na sauti ya kilo mia. Tarehe 28 Desemba 2007, siku iliyofuata kura, watu wakingoja matokeo na kazi zikiwa zimelala, Manu alikuja chumbani kwa Katibu. Blanketi likatundikwa dirishani kuzuia kelele, na akarekodi za kila mtu kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mpaka leo, tukicheza mahali popote, ni yeye anatutambulisha.

Mama alisema huwa anamsikia. Alisema mwezi wa sita alipokuja kwa dadake hapa Huruma, matatizo ya miguu yalimkalisha mbele ya kinyozi mmoja, na ndani ya duka Manu akaita jina la Ouma. Alisimama akaingia. Kinyozi alimuuliza anataka kunyolewa vipi.

Hakuna aliyecheka, ingawa Mama mwenyewe alitabasamu.

Katibu aliendelea na mafunzo. Kati ya maiki na mdomo pawe na upana wa kiganja. Mtu arekodiwe bila kusimamishwa, arudie jina mara kumi, kwa sababu la kwanza hutoka na woga na la saba ndilo hutoka na moyo. Baadaye ukae na hedifoni, ukate kikohozi, ukate kicheko, ukate simu zilizopigwa na porojo za katikati, ubaki na sekunde nne au tano. Ongeza mwangwi kidogo na king'ora. "Ni kama kuchinja," Katibu alisema. "Nyama unaweka, mengine unatupa."

Mama Maximilla aliuliza, "Na hayo mengine mnatupa wapi?"

Katibu alijibu kwamba inategemea. Aliomba tuingie ajenda ya nne.

KUMB. NA. 4/12/2009: KAZI, NA TABIA YA MTU AKIWA KAZINI

Jepchumba alishauri kwamba DJ afike kabla hema halijasimama, na aulize mambo matatu: nani ameshika ratiba, nani ataongoza sherehe, na wimbo gani familia haitaki kuusikia. La tatu ndilo watu husahau. Kuna nyimbo ambazo zilikuwa za marehemu na mumewe wa kwanza. Kwenye matanga besi ishushwe, na dropu yenye king'ora isichezwe watu wakiaga mwili. Ouma alisema aliicheza mara moja tu na mjane alicheka. Mwenyekiti alisema alikuwepo, na mjane hakucheka.

Mwenyekiti kisha alileta jambo lake mwenyewe. Alieleza kwamba mwaka wa 2008 tulicheza matanga mengi kuliko harusi, na aliapa kwamba mkono wake hautachangia kuurudisha mwaka ule. Alikuwa amepita nyuma ya wanachama wakiwa kazini na kuona bado wanapanga nyimbo kwa kabila: folda ya Wakalenjin, folda ya Waluhya, ya Wakikuyu, ya Wajaluo. Alitaka majina hayo yafutwe, nyimbo zipangwe kwa kazi: harusi, kanisa, matanga, kuchangamsha. Ouma aliuliza folda ina ubaya gani, maana laptopu haipigi kura.

Hapo Simeon aliongea kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba kwenye sherehe moja Desemba ile ya 2007, kijana alisimama nyuma yake akasoma majina ya folda moja moja, akamuuliza, "Na wewe uko kwa gani?" Simeon alimwonyesha huku akicheka, kwa sababu ilikuwa sherehe. Siku chache baadaye kijana huyo ndiye alikuwa akiwaonyesha watu nyumba yake kwa kidole.

Mama Jemutai alichungulia kuona kama tumeondoka.

Ouma aliuliza kama huyo kijana ndiye pia alimwita Manu aende Yamumbi. Simeon alisema hapana, aliyempigia Manu simu ni yeye. Ouma alisema amengoja miaka miwili kusikia hayo maneno yakitoka kwa mwenyewe.

Katibu anaweka rekodi sawa. Tarehe moja Januari 2008, Manu aliendesha baiskeli mpaka Yamumbi, akawatoa watoto wawili wa Simeon, mmoja mbele na mmoja nyuma, akawafikisha kituo cha polisi mjini mahali watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Kisha akarudi kufuata spika za Simeon. Alipatikana kesho yake kando ya barabara. Baiskeli haikupatikana.

Simeon alisema, "Sikumtuma arudi. Nilimwambia spika ziungue."

"Lakini simu ulipiga," Ouma alisema.

"Nilipiga. Mimi nilikuwa mbali, na watoto walikuwa ndani."

Mwenyekiti aligonga meza kwa kijiko akitaka utaratibu, lakini kwa kweli hakuna aliyekuwa amepaza sauti. Ni Mama aliyemaliza jambo hilo. Alisema, "Ouma, mwache. Hata mimi ningepiga." Kisha akamuuliza Simeon watoto wako darasa gani. Simeon alijibu, la nne na la pili. Katibu alitangaza mapumziko ya dakika tano ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

AZIMIO: Folda za kabila zifutwe leo. Ouma alibadilisha zake hapo hapo, na akamwomba Simeon amsaidie kuandika.

KUMB. NA. 5/12/2009: SAUTI YA MAREHEMU

Mama Maximilla alipewa nafasi. Alisema hakuja kuomba mengi. Picha anazo. Nguo anazo, na viatu amevaa ndugu yake. Alieleza kwamba siku ile ya kurekodi, Manu alimpigia simu kutoka chumbani kwa Katibu, mchana, akamwambia, "Mama, hata sasa narekodiwa, ongea vizuri." Nyuma alisikia Kigen akicheka.

Alieleza kwamba tangu baba yake Manu afariki, kila Manu alipolala nyumbani alikuwa akipita mlango mmoja mmoja, halafu anasema kupitia ukutani, "Mama, nimefunga mlango. Lala." Siku ile kwenye simu aliyasema hayo maneno, jua likiwa juu, kwa utani. Ni mara ya mwisho. Mama alisema siku hizi huamka mara tatu kila usiku kushika komeo. Anajua limefungwa. Lakini mkono hauamini.

Alisema ombi lake ni hili. Fundi akishalainisha simiti, kabla watu hawajaenda kula, maneno hayo yasikike mara moja kwenye spika. "Sitaki muziki. Nataka hapo tu."

Jepchumba alitoka nje kidogo, akarudi.

Mwenyekiti alimwagiza Katibu atoe rekodi. Katibu alieleza kwamba laptopu yake haina chaji. Jepchumba alikuwa na chaja inayoingia. Katibu alieleza kwamba faili kubwa kama hilo halifai kuguswa mahali penye mafuta ya chapati. Ouma alikumbusha kikao juu ya azimio la KUMB. NA. 2, lililopendekezwa na Katibu mwenyewe, kwamba mtu akiulizwa aonyeshe papo hapo. Mwenyekiti aliamua azimio lifuatwe.

Laptopu ilifunguliwa saa kumi na robo. Ndani ya folda iliyoandikwa MANU kulikuwa na faili kumi na nne. Simeon alizihesabu kwa sauti. Ndefu kuliko zote ilikuwa na sekunde sita.

Mwenyekiti aliuliza iko wapi ile ya saa moja na dakika kumi na mbili. Katibu alijibu kwamba iko kwenye diski ya nje, nyumbani, kulingana na mafunzo yake kwamba diski isikae na laptopu. Jibu hilo liliridhisha kikao. Ouma hata alisema, "Haya, hapo amejua."

Mama aliomba asikie hizo zilizopo. Katibu alimweleza kwamba hizo ni za kazi, zina ving'ora na kelele, hatazipenda. Mama alisema atajua mwenyewe.

Zilichezwa zote. Kwa mwangwi mwingi Manu alisema kwamba Kipyego ni baba wa ma-DJ na wajukuu zao. Alisema mara mbili kwamba Jepchumba akicheza hata viti vinasimama. Alisema mara mbili kwamba Ouma ni daktari wa matanga. Halafu akasema, "Huyu ni Simeon, moto wa Yamumbi." Mwenyekiti aliinua mkono isimamishwe. Simeon alisema iendelee, na ikaendelea mpaka ya pili, ambayo ilisema vile vile. Saba zilizobaki zilikuwa za Katibu. Katika zote saba Manu alisema, "Mikononi mwa DJ Kigen, hakuna kitu inapotea."

Mama alisikiliza akiwa ameweka kiganja juu ya meza, karibu na spika, kama mtu anayepima joto la mtoto. Katika ile ya mwisho, kabla ya neno la kwanza, kulikuwa na pumzi. Ndogo, ya mtu anayevuta hewa ili aongee. Katibu alikuwa amesahau kuikata.

"Rudisha hapo," Mama alisema.

Ilirudishwa mara sita. Mara ya sita alisema, "Hapo ni yeye." Kisha akamgeukia Katibu akamuuliza juu ya ile nyingine.

Katibu alimjibu, "Jumamosi, Mama. Utasikia yote."

Mama alimshika Katibu mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mtoto wake.

AZIMIO: Katibu alete diski hapa kesho, Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, nakala itolewe mbele ya Mwenyekiti. Spika zitatoka kwa Simeon. Jepchumba atasimamia sauti. Ouma hatagusa king'ora.

KUMB. NA. 6/12/2009: MENGINEYO NA KUFUNGA

Hakukuwa na mengineyo. Simeon alifunga kwa maombi, mafupi, na akataja majina ya watoto wake na la Manu pamoja bila kupumzika katikati. Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasorobo. Ouma alimbebea Simeon mfuko mpaka steji ya matatu bila kuombwa, wakiongea juu ya mpira.

NYONGEZA, ALHAMISI ASUBUHI, KABLA YA SAHIHI

Mwenyekiti, kabla hujasaini soma na hapa. Haya hayakusemwa kikaoni. Yalipaswa kusemwa.

Diski ninayo, lakini ndani yake hakuna sauti ya Manu. Hakujawahi kuwa nayo. Asubuhi hii nimeifungua mara nne, nikapekua hadi folda za taarabu ambazo sichezi, kama vile kitu kinaweza kurudi chenyewe kwa huruma.

Ile rekodi nilifuta siku ile ile, Manu akiwa bado anashuka ngazi na mimi bado nacheka. Laptopu ilikuwa imejaa, na kesho yake nilikuwa na harusi Kaptagat. Nilikata dropu kumi na nne, mengine nikatupa, na pipa la laptopu nikalimwaga. Ingekuwa ni hilo tu ningelala. Wewe pia ungefuta, Ouma angefuta. Ndivyo tunavyofanya kazi, na hakuna mtu alijua siku nne mbele kuna nini.

Jambo lenyewe niliharibu mazishini. Mama alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, na kila mtu alikuwa na kitu cha kumpa. Kuna waliokuja na unga, wengine blanketi, wewe ulikuja na ng'ombe wa maziwa. Mimi sikuwa na kitu, na sijazoea kusimama mbele ya watu nikiwa sina kitu. Nikamwambia asilie, sauti ya Manu yote niko nayo. Hata dakika nikamtajia, ili aamini. Akaacha kulia. Wote mliona, mkanipiga mgongo. Tangu siku hiyo, kila akipiga simu kuuliza kama iko salama, namwambia iko salama.

Maneno ya mlango nakumbuka, nilikuwa nimekaa kitandani akiyasema. Lakini vile aliyasema sikumbuki. Saa kumi na moja asubuhi nimetundika blanketi dirishani, nikaweka maiki upana wa kiganja, nikajaribu kuyasema mwenyewe kwa sauti nzito. Nilisikiliza mara moja. Nikafuta.

Nikikuachia daftari hili naenda kwa dadake Mama, mikono mitupu, kabla ya hiyo saa sita. Kwenye lile azimio andika kwamba Katibu hakuleta diski. Andika kwamba ile sauti haipo tangu siku ilipotoka, na kwamba mama yake ameingoja miaka miwili kwa sababu mimi nilimwambia ipo.

Mwenyekiti: Stephen Kipyego ........................ Tarehe ................

Katibu: Kigen